Mlakasa: Mmea wa Fukwe na Jina Lililotoka Mto Kongo

Msomaji aliyelelewa Lubumbashi, Kalemie au Bukavu huenda hajapata kuuona mlakasa maishani mwake, lakini ndugu yake anamfahamu vizuri, kwa kuwa humla. Ndugu huyo ni kiazi kitamu, ambacho majani yake huuzwa sokoni kwa jina la matembele. Mimea hiyo miwili ni ya jenasi moja, Ipomoea, katika familia ya Convolvulaceae. Na anayeyatazama maua yake kwa makini hatashangaa kuambiwa hivyo. Tofauti ni kwamba kiazi hupandwa na mtu, ilhali mlakasa hujipanda wenyewe: ni mmea mwitu utambaao mchangani, karibu kabisa na mstari unaofikiwa na maji makuu. Hupatikana katika fukwe za Waswahili tangu Lamu hadi Mtwara na visiwani Unguja, Pemba na Mafia; na upande wa pili wa bara, katika mchanga wa mlango wa Mto Kongo.

Wanabotania huuita Ipomoea pes-caprae. Jina hilo, kama linavyoandikwa leo katika vitabu vya mimea vya dunia nzima, lilichapishwa mwaka 1818 katika kitabu kilichohusu Kongo. Jambo hili halijulikani sana hata miongoni mwa watu wa Kongo wenyewe. Makala haya yanaeleza umbo la mlakasa na mahali unapoota, kisha yanafuata habari za jina hilo, kwa sababu ndani yake mna swali lililozuka tangu mwaka 1753: mlakasa wa Bahari ya Hindi na ule wa Bahari ya Atlantiki, je, ni mmea mmoja au ni miwili?

Umbo la mmea

Mlakasa ni mmea wa kudumu. Mzizi wake mkuu huzama chini sana mchangani kutafuta maji yasiyo na chumvi nyingi, na juu yake huchipuka matawi marefu yanayolala chini. Tawi la mita tano au kumi ni la kawaida, na yapo yanayozidi hapo kwa mbali. Kila kifundo cha tawi kikigusa mchanga wenye unyevu huweza kutoa mizizi yake chenyewe. Kwa hiyo wimbi likilikata tawi vipande vitatu, huwa halikuua mmea bali limeuzidisha. Ukikata shina hutoka utomvu mweupe mithili ya maziwa, kama inavyotokea ukikata shina la kiazi kitamu.

Majani ni mazito, laini, hayana vinyweleo, na hung'aa kidogo juani. Urefu wake ni sentimita 3 hadi 10. Ncha ya jani haikuchongoka kama ilivyo katika majani mengi, bali imeingia ndani na kuligawa jani sehemu mbili, mfano wa ukwato. Hapo ndipo lilipotoka neno la Kilatini pes-caprae, yaani mguu wa mbuzi. Na Wafaransa husema vivyo hivyo, liseron pied-de-chèvre. Wamalay waliona mnyama mwingine: kwao mmea huu ni tapak kuda, nyayo za farasi. Washairi wa kale wa Kitamil, ambao waliutaja mara nyingi wanaposimulia habari za pwani, walilifananisha jani lake na ukwato wa paa. Watu hao hawakusoma vitabu vya wenzao, lakini wote waliona kwato.

Penye kuungana jani na kikonyo chake pana tezi mbili ndogo zinazotoa maji matamu. Sisimizi huyafuata, na wakiwa hapo huwafukuza wadudu wengine wanaokuja kula mmea. Ni ujira wa ulinzi, hulipwa kwa sukari.

Ua lina umbo la faneli, lenye urefu wa sentimita 3 hadi 6, la rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na ndani kooni rangi hiyo hukolea zaidi. Petali zake tano zimeungana zikawa kitambaa kimoja. Hufunguka alfajiri, na jua linapopita utosini huanza kunyauka; kesho yake hufunguka jingine. Desturi hii ni ya ukoo mzima, na kwa ajili yake Waingereza huyaita maua haya utukufu wa asubuhi. Wachavushaji wake hasa ni nyuki.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Majaribio yaliyofanywa katika pwani ya Ghuba ya Meksiko na kuchapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba mmea huu haujizalishi kwa chavua yake wenyewe. Huhitaji chavua ya mmea mwingine. Kwa mmea unaosifika kwa kuvuka bahari, huo ni udhaifu mkubwa. Mbegu moja iliyotupwa na mawimbi katika kisiwa kitupu huota, hukua na kutoa maua, lakini haitapata mbegu mpaka mwenzake afike. Faida ya vifundo vyenye mizizi huonekana hapo: mmea wa peke yake unaweza kungoja miaka mingi, huku ukitandaza matawi yake ufukweni.

Tunda ni kapsuli ya mviringo ambayo hukauka na kupasuka. Ndani yake kwa kawaida mna mbegu nne, kila moja yenye milimita 6 hadi 10, nyeusi au ya kahawia, iliyovikwa manyoya mafupi kama mahameli.

Inafaa kuongeza neno juu ya ndugu zake, kwani makosa hutokea. Katika fukwe hizo hizo huweza kuonekana Ipomoea imperati, ambao ni mdogo zaidi na maua yake ni meupe. Ipomoea cairica, unaopanda nyua na miti mpaka ndani ya miji, una jani lililogawanyika sehemu tano kama kiganja. Wa kuchanganya zaidi ni Ipomoea asarifolia wa Afrika ya Magharibi, wenye ua linalokaribiana sana na la mlakasa. Lakini jani lake lina umbo la figo, na mmea huo huota hata mbali na bahari, jambo ambalo mlakasa haulifanyi ila kwa nadra. Na kwa msomaji wa Katanga, vilima vya shaba vinao Ipomoea wao, ambao wanasayansi walibishana juu ya kiasi cha shaba kilicho ndani ya majani yake: je, ni shaba iliyofyonzwa na mizizi au ni vumbi tu lililogandamana juu? Hayo yanadai makala ya peke yake.

Jina la mwaka 1818

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, bingwa wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina mawili mawili ya Kilatini, aliuandika mmea huu mara mbili katika ukurasa mmoja wa kitabu chake Species Plantarum. Mmoja, wa Bara Hindi, aliuita Convolvulus pes-caprae. Wa pili, wa Brazili, aliuita Convolvulus brasiliensis. Yeye mwenyewe hakufika katika nchi hizo. Alitegemea vitabu vya waliomtangulia, kikiwamo Hortus Malabaricus, kitabu kikubwa cha mimea ya pwani ya Malabar kilichotolewa na Waholanzi katika karne ya 17, ambamo mmea huu umechorwa pamoja na jina lake la Kimalayalam.

Miaka 63 baadaye serikali ya Uingereza ilituma msafara kuuchunguza Mto Kongo. Kiongozi alikuwa nahodha James Tuckey, na mwanabotania alikuwa Christen Smith, kijana wa Norway aliyezaliwa mwaka 1785 na ambaye alikwisha kuteuliwa profesa katika nchi yake. Walifika mlango wa mto mwezi wa Julai 1816. Nia yao ilikuwa kujua kama mto huo ndio mwisho wa Naija, kama wengi walivyodhani wakati huo. Maporomoko ya Yellala yaliizuia njia ya maji. Wakaendelea kwa miguu, wakapita Isangila, mwishowe homa na uchovu vikawarudisha. Smith alifariki tarehe 22 Septemba 1816, Tuckey akamfuata tarehe 4 Oktoba, na wengi wa wenzao walikufa vilevile. Mtunza bustani wa Kew, David Lockhart, alikuwa miongoni mwa walionusurika, na kwa njia hiyo mimea iliyokaushwa ikafika London: zaidi ya aina 600 zilizokusanywa katika majuma machache.

Mkusanyo huo ulikabidhiwa Robert Brown, mwanabotania Mskoti aliyekuwa mtunza maktaba wa Joseph Banks. Taarifa yake ilitoka mwaka 1818 ikiwa kiambatisho cha tano cha kitabu cha safari ya Tuckey. Kwa sura ni orodha ya mimea ya nchi moja, lakini hoja yake ni kubwa kuliko orodha. Brown alitaka kujua ni mimea gani ya Kongo inayopatikana pia Amerika na Asia, na imefikaje huko. Miongoni mwa mimea aliyoitaja kuwa ya mabara yote matatu umo mmea wetu, katika ukurasa wa 477, ukiwa umeondolewa katika jenasi Convolvulus na kuwekwa katika Ipomoea. Kwa sheria za majina ya mimea, kitendo hicho ndicho kinachohesabiwa; ndiyo maana mpaka leo jina kamili huandikwa Ipomoea pes-caprae (L.) R.Br., herufi ya kwanza ikimkumbuka Linnaeus na zinazofuata zikimkumbuka Brown. Vitabu kadhaa vya zamani humtaja Robert Sweet badala ya Brown, kwa kuwa yeye naye alilitumia jina hilo mwaka huo huo katika orodha ya bustani za London. Ugomvi wa namna hii ni mwingi katika botania, na hauna haja ya kumsumbua msomaji.

Linalostahili kukumbukwa ni kwamba Brown, kwa kuuweka mlakasa katika orodha ya mabara matatu, alichukulia kuwa kile alichokigawa Linnaeus kwa bahari mbili ni kitu kimoja. Kongo ilikuwa kama daraja la katikati kati ya Brazili na Malabar.

Mbegu inayoelea

Kuona kwamba mmea uko kila mahali ni rahisi kuliko kueleza ulifikaje. Mlakasa huota karibu fukwe zote za mchanga za nchi za joto. Barani Afrika, upande wa magharibi, huanzia pande za Senegali na kushuka hadi Angola. Upande wa mashariki, tangu Somalia hadi Afrika ya Kusini. Uko Madagaska, Shelisheli, Bara Hindi, Indonesia, Australia ya kaskazini, visiwa vya Pasifiki mpaka Hawaii, na Amerika tangu Florida hadi Brazili. Baridi ndiyo mpaka wake. Unapofika kiasi cha nyuzi 30 kaskazini au kusini ya ikweta, huanza kutoweka.

Siri iko ndani ya mbegu. Ganda lake ni gumu na halipitishi maji, na kiinitete hakiujazi mwili wote wa mbegu, hivyo nafasi yenye hewa huifanya ielee. Henry Brougham Guppy, daktari wa meli za kivita wa Uingereza ambaye baadaye alijitolea kwa utafiti wa mbegu za baharini, aliijaribu mbegu hii pamoja na nyingi nyingine mwanzoni mwa karne ya 20. Majaribio ya baadaye yamethibitisha kwamba mbegu iliyokaa miezi sita katika maji ya chumvi bado huweza kuota. Ganda lile lile linaloilinda baharini huizuia kuota humo. Ni lazima kwanza likwaruzwe, na kazi hiyo hufanywa na mchanga wa ufukweni mbegu inapobingirishwa na mawimbi. Kwa maneno mengine, mbegu haifunguki mpaka ifike mahali panapoifaa.

Hesabu kidogo inaweza kusaidia. Kutoka Banana, penye mlango wa Kongo, hadi Recife katika Brazili ni zaidi ya kilomita 5,000. Mto unayasukuma maji yake mbali ndani ya bahari, na huko mkondo wa ikweta ya kusini huyachukua kuelekea magharibi. Mkondo ukienda kilomita 30 kwa siku, safari hiyo ni ya siku 170 hivi, yaani chini ya miezi sita. Si kila mbegu itakayofika, nyingi zitapotea. Lakini mmea wenye maelfu ya mbegu kila mwaka na maelfu ya miaka mbele yake hauhitaji bahati kubwa.

Ushahidi wa macho ulipatikana Krakatau. Tarehe 27 Agosti 1883 kisiwa hicho cha Indonesia kililipuka na kufunikwa na majivu ya moto. Wanabotania waliofika huko mwaka 1897, baada ya miaka 14 tu, waliukuta mlakasa umekwisha kutandaza mkeka wake katika ufukwe mpya. Wakati huo jina la mkeka huo lilikuwa tayari: Mjerumani Andreas Schimper, katika kitabu chake cha mwaka 1891 juu ya mimea ya fukwe za Asia ya kusini-mashariki, alikuwa ameita kundi zima la mimea ya mstari wa mbele wa pwani kwa jina la pes-caprae. Mmea mmoja ukawa kielelezo cha jamii yote.

Mmoja au miwili?

Linnaeus, hata hivyo, hakukosea kabisa. Mwaka 1940 Mholanzi S. J. van Ooststroom, mtaalamu wa familia hii, alilirudia jambo hilo akapendekeza njia ya kati: spishi ni moja, lakini ina nususpishi mbili. Ya kwanza, pes-caprae, ina jani lililopasuka sana, kwato zake mbili zikionekana wazi. Ya pili, brasiliensis, jani lake limebonyea kidogo tu nchani. Ile ya kwanza hukaa kaskazini mwa Bahari ya Hindi, pwani za Arabuni, Bara Hindi, Sri Lanka na jirani zake. Hii ya pili ndiyo iliyoenea kwingine kote duniani.

Hapo pana mzaha wa majina. Mlakasa mwingi duniani unabeba jina la mguu wa mbuzi bila kuwa na mguu huo sawasawa, kwa sababu jina lilitolewa kwa mmea wa Bara Hindi.

Kwa watafiti wa mambo ya Waswahili lipo jambo la ajabu zaidi. Mlakasa wa Mombasa na Unguja ni upi? Mtu angetarajia uwe ule wa Malabar na Arabuni. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi. Yalileta mchele, nguo, vyombo, maneno na dini. Lakini Flora ya Afrika ya Mashariki, katika kitabu cha Convolvulaceae kilichoandikwa na Bernard Verdcourt na kutolewa mwaka 1963, inauweka mlakasa wa pwani hiyo katika brasiliensis. Kwa jani lake, mlakasa wa Unguja ni ndugu wa karibu wa mlakasa wa Muanda na wa Bahia kuliko wa Kerala.

Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba mlakasa haukuhitaji jahazi, na kwa hiyo haukufuata njia za majahazi. Tanga hutii upepo, lakini mbegu inayoelea hutii zaidi mkondo wa maji. Mkondo unaoifikia pwani ya Tanzania hutoka mashariki, kupita kaskazini ya Madagaska, kisha hugeuka na kupanda kaskazini kando ya pwani ya Tanzania na Kenya mwaka mzima, hata wakati wa kaskazi, ingawa hapo hupungua nguvu. Ni katika pande za kaskazini ya Kenya na Somalia tu ambapo maji hugeuza mwelekeo pamoja na majira. Mbegu ya Arabuni inayoshuka na kaskazi hukutana huko na maji yanayopanda, na huenda hapo ndipo safari yake ya kwenda kusini inapokomea.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa chembe za urithi za mlakasa kutoka sehemu nyingi za dunia. Matokeo yake yanaafikiana na Brown zaidi kuliko na Linnaeus, kwa upande wa brasiliensis: jamii za mmea huo zilizoachana kwa maelfu ya kilomita bado zimeunganishwa na mbegu zinazosafirishwa na bahari, na safari hizo ndizo zilizoudumisha uenezi wake mkubwa. Si mabaki ya tukio moja la kale, bali ni mawasiliano yanayoendelea.

Kazi yake mchangani

Mchanga wa ufukweni ni mahali pagumu. Mchana huunguza, maji ya mvua hupita bila kukaa, upepo huleta chumvi, na kila bamvu huweza kulimeza eneo zima. Mlakasa hutangulia hapo, mara nyingi pamoja na Canavalia rosea wa jamii ya kunde, ambao nao una mbegu zinazoelea na hupatikana katika bahari zote mbili. Matawi yake huzuia mchanga unaopeperushwa. Mchanga ukirundikana juu yake, mmea haufi bali huinua ncha zake na kutoa mizizi mipya, na tuta hukua. Nyuma ya tuta hilo, penye utulivu zaidi, vichaka na miti hupata nafasi.

Kongo ya Kidemokrasia ina kilomita 40 hivi tu za pwani, na pwani ya Muanda inajulikana kwa kumomonyoka. Mwaka 1992 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mikoko katika sehemu hiyo. Mikoko ndiyo inayotajwa katika jina la hifadhi na ndiyo inayowavuta wageni. Mlakasa, unaokanyagwa na kila apitaye, hautajwi sana. Isidhaniwe kwamba mmea huu peke yake unaweza kuzuia bahari inayokula jabali la udongo: hauna uwezo huo. Lakini pale ambapo ufukwe bado una mchanga, kuung'oa ili kuupendezesha ufukwe, kama ifanyikavyo mbele ya hoteli nyingi za nchi mbalimbali, ni kuuachia upepo mchanga huo.

Katika Asia ya kusini-mashariki majani yake hutumika tangu zamani kutibu mwasho wa kiwavi cha baharini, yaani yule mnyama laini kama uteute anayeunguza ngozi. Nchini Thailand dawa hiyo ya wenyeji ilichunguzwa katika maabara, na mwaka 1970 jarida la Nature lilitoa taarifa kwamba dondoo la majani hupinga kweli sumu hiyo. Kwa chakula, mtu asidanganywe na undugu: majani ya mlakasa si matembele.

Neno lililobaki pwani

Kiswahili kiliingia Tanganyika, Maniema na Katanga katika karne ya 19, kwa njia za misafara zilizopita Tabora na Ujiji. Kilibeba maneno yaliyokuwa na kazi safarini na sokoni. Kiazi kilikwenda mpaka bara, pamoja na jina lake. Mlakasa haukwenda, na neno lake likabaki mchangani pamoja nao. Si ajabu. Lakini maneno mengine ya bahari yalisafiri yakiwa yamebadili kazi: mwanafunzi wa Lubumbashi husema kusini na kaskazini kila siku bila kukumbuka kwamba kusi na kaskazi zilikuwa kwanza pepo za majahazi, na ndipo zikawa pande za dunia.

Mwalimu anayefundisha mimea kwa Kiswahili katika Kongo anakutana hapa na shida halisi. Akisema kiazi mwitu, atachanganya, kwa kuwa katika bara jina hilo hupewa mimea mingi yenye mizizi, mingine isiyo hata ya familia hii. Akitafsiri Kilatini na kusema mguu wa mbuzi, atakuwa ameunda jina ambalo hakuna Mswahili analolitumia, na ambalo, kama ilivyoonekana, haliufai hata mmea wa Muanda. Mlakasa ni neno ambalo lugha inalo tayari. Kulichukua hakuna gharama, ila kumweleza mwanafunzi mara moja maana yake.

Mwanafunzi atakayepata nafasi ya kufika Muanda anaweza pia kuifanyia kazi hoja ya Linnaeus kwa mikono yake. Asichukue jani moja, kwa sababu majani ya tawi moja hutofautiana, na yale machanga mara nyingi hayana mbonyeo wowote. Achukue tawi zima lenye ua, na tunda kama lipo. Apime urefu wa jani na kina cha mbonyeo katika majani kumi yaliyokomaa. Aandike tarehe, mahali, na umbali kutoka mstari wa maji makuu. Kisha alikaushe katikati ya magazeti chini ya uzito, akibadilisha karatasi kila siku, kwani jani la mlakasa lina maji mengi na huoza upesi lisipotazamwa.